Kilwa Kisiwani si magofu tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Kilwa Kisiwani, kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania, iliyasifu magofu ya mji wake wa kale, lakini ikaisahau bahari iliyoyazaa. Sisi wa Dodoma, tuliozoea mibuyu na vumbi la kiangazi, tulihitaji kuelezwa kwamba kisiwa hicho kidogo, kilicho karibu na bara na chenye bandari ya asili yenye kina, kilipokea majahazi yaliyoletwa na upepo wa kaskazi na kurudishwa na ule wa kusi, hata kikatawala biashara ya dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na kutengeneza sarafu zake. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alikizuru mwaka 1331. Wareno wakakipora mwaka 1505. Naomba mchapishe pia ramani, nayo isiwe ndogo kama stempu.

Msomaji wenu,
Dodoma