Kodi ya miezi sita kwa mkupuo inatushinda wapangaji wa Bagamoyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye nyumba wa mji wetu wa Bagamoyo, pamoja na viongozi wa vitongoji, kuhusu kodi inayodaiwa kwa mkupuo. Nimekuwa mpangaji hapa kwa miaka tisa na nimehama mara nne. Kila nilipohama, kilichonitoa jasho hakikuwa bei ya chumba, bali idadi ya miezi ninayotakiwa kulipia kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Mwaka huu nilitafuta chumba na sebule upande wa Magomeni na Nia Njema. Vyumba vipo, wala bei zake si za kutisha ukilinganisha na za Dar es Salaam. Nilichopata mwishowe ni cha shilingi 60,000 kwa mwezi, choo cha nje, umeme wa kuchangia mita moja. Lakini siku ya kuhamia nilitakiwa niwe na shilingi 360,000 za miezi sita na 60,000 za dalali, ambaye tayari nilikuwa nimempa 5,000 ya kunizungusha. Dalali mwingine aliyenitembeza wiki hiyohiyo alinipitisha njia ya uani hadi kwenye nyumba ileile niliyokwisha kuonyeshwa na mwenzake, na kwake yeye kodi ilikuwa imepanda kwa shilingi 10,000. Nilipomwambia kwamba mlango ule wa kijani ninaufahamu, alicheka akasema, "Basi tuelewane, kaka."

Wengi wetu katika mji huu tunaishi kwa kipato cha siku. Mama anayenunua samaki mnadani pale ufukweni, akawakaanga na kuwauza jioni, hupata leo na kula leo. Mvuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kubwa hukaa bila kazi, na kusi ikivuma kwa nguvu hata mwenye chombo chake hulala nyumbani. Watu wa namna hii wanaweza kutenga 2,000 kila siku, na mwezi ukiisha kodi ya chumba kama changu ikawa imetimia bila kelele. Kuwataka watoe 360,000 kwa mara moja ni kuwasukuma kwenye ile mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ambayo marejesho yake huanza hata kabla mtu hajatandika kitanda.

Sisemi kwamba wenye nyumba wana roho mbaya. Mama mmoja aliyenipangisha zamani alinieleza jinsi mpangaji wake wa mwezi kwa mwezi alivyoondoka usiku na deni la miezi mitatu, akamwachia godoro bovu na bili ya maji. Tena wengi wao hujenga kidogo kidogo, na kodi ya nusu mwaka ndiyo inayoezeka chumba kinachofuata. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya pango ni makubaliano ya pande mbili. Ajabu ni kwamba makubaliano yenyewe mara nyingi huandikwa kwenye karatasi ya daftari, bila hata kueleza nani analipa nini. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni wajibu wa mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme, na wachache huthubutu kuikumbusha siku ya kulipa pango.

Pendekezo langu ni mkataba wa maandishi unaosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ambaye atajua mpangaji ametoka wapi na anafanya kazi gani. Mpangaji aweke dhamana ya mwezi mmoja, ambayo mwenye nyumba ataishika hadi siku ya kuhama, kisha kodi ilipwe kila mwezi au kila baada ya miezi miwili, na anayetaka kuondoka atoe taarifa mwezi mmoja kabla. Hapo mwenye nyumba ana kinga, na muuza samaki ana pa kulala.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Mwenye nyumba ameshapita kuniuliza kama nitaendelea, nami nimemwomba tujaribu miezi miwili miwili. Amesema atashauriana na wanawe.

Mpangaji,
Magomeni, Bagamoyo