Kadi Tatu, Mgonjwa Mmoja: Wito wa Harambee

Ndugu wapendwa katika Kristo, pamoja na majirani zetu Waislamu ambao hamjawahi kutuacha peke yetu kwenye jambo kama hili,

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, tutafanya harambee ya wagonjwa wetu wa muda mrefu. Najua juzi tu mmechangia paa la darasa la watoto. Nisikilizeni kwanza.

Kuna mama mmoja hapa kwetu, upande wa bara wa Kilifi. Ameniruhusu nisimulie habari zake mradi nisimtaje. Ana sukari, ana presha, na magoti yanamtesa. Kliniki ya sukari ni Jumanne, ya presha Alhamisi, ya macho siku nyingine tena, na kila moja ina kadi yake. Kila safari ni boda hadi barabarani, kisha matatu. Nauli ikikosekana huchagua: mwezi huu presha, mwezi ujao sukari. Tembe nazo akazigawa, leo anameza, kesho anaruka.

Kwa magoti alijinunulia dawa ya maumivu dukani, akaitumia karibu mwaka. Hakuna aliyemuuliza, maana hakuna kadi ya magoti. Tulilijua siku muuguzi mstaafu wa ushirika wetu alipoumwaga mfuko wake wa dawa mezani na kuzisoma moja moja. Dawa za aina ile hupandisha presha na kuchosha figo, na figo za mwenye sukari na presha tayari ziko hatarini. Zikishindwa kabisa ni kusafishwa damu, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki.

Tangu siku hiyo tuna madaftari. Kila mgonjwa ana lake moja, lenye dawa zake zote, vipimo vyake na siku zake za kliniki, na ana mtu wa kumsindikiza ambaye husema mbele ya daktari yale mwenyewe anayoona haya kuyasema. Yule mama tulimwombea kliniki mbili ziwekwe siku moja. Wakakubali papo hapo! Kumbe alikosekana mtu wa kuuliza.

Wagonjwa tulionao ni 23. Kati yao 14 hawajalipa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwenye zahanati na kituo cha afya aliyejiandikisha hutibiwa bila malipo, lakini hospitali kubwa yataka mchango uwe umelipwa. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila asiye na mshahara hudaiwa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Muuza mihogo 300 anayo. 3,600 kwa mkupuo ataitoa wapi? Hao 14, wote wa kima cha chini, wanahitaji 50,400, na hilo ndilo la kwanza. Kitakachozidi kitakwenda kwenye nauli, mashine moja ya kupimia sukari na vijiti vyake, ambavyo huisha haraka kuliko mnavyodhani.

Wawili wamepita miaka 70 na hawajawahi kupata zile 2,000 za Inua Jamii, pesa ambazo serikali huwapa wazee kila mwezi. Mmoja hata kitambulisho kilipotea. Wanahitaji kijana mwenye subira wa kuwafikisha kwa chifu, na kurudi nao tena wakiambiwa waje kesho.

Asiye na pesa alete kuku, nazi, hata fungu la mchicha. Tutapiga mnada nje ya kanisa. Mwaka jana jogoo mmoja aliuzwa mara tatu, kila mnunuzi akimrudisha auzwe tena, na jioni akalala kwa mwenyewe. Pesa zitapokelewa na mweka hazina, kwa risiti, na hesabu itabandikwa mlangoni wiki inayofuata.

Na mwenye pikapu inayoteremka mjini siku za Jumanne, naomba anione. Nafasi mbili za mbele zinatosha.

Katibu, kamati ya wagonjwa