Kinundu cha panya bado si saratani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu saratani ya matiti iliwahesabu panya wote waliokutwa na vinundu, yaani vivimbe vidogo vya seli za titi zilizoongezeka kupita kiasi, kuwa wagonjwa wa saratani. Mmeruka hatua iliyo kati ya seli zilizobadilika na saratani yenyewe, na hatua hiyo ndiyo inayowatia hofu akina mama huku Lamu wanapoambiwa kipimo kimeonyesha seli zisizo za kawaida.

Njia ya kutofautisha kinundu na saratani waliieleza mtafiti DeOme na wenzake mwaka 1959. Huchukuliwa panya jike wa wiki 3. Katika titi lake la nne, la kinenani, mirija ya maziwa wakati huo iko karibu na chuchu, haijafika kwenye mtoki (tezi ya limfu). Hukatwa sehemu yote toka chuchuni hadi mtoki wenyewe, yakabaki mafuta matupu. Humo hupandikizwa kipande cha kinundu, kama milimita 1. Kilichokatwa kisitupwe: kitiwe rangi, kitazamwe kwa hadubini. Mrija mmoja ukisalia utakua uyajaze mafuta, na mtafiti atadhani anaona pandikizi. Panya nao wawe wa ukoo mmoja, la sivyo mwili hulikataa.

Kinundu hukua, kikayajaza mafuta, kikifika ukingoni kikasimama. Kipandikizwe chini ya ngozi, mbali na mafuta ya titi, hakishiki. Saratani hushika hata huko. Tena, tishu ya titi isiyo na kasoro ikihamishwa panya hadi panya huchoka, yaani huacha kukua, baada ya mihamisho kadhaa, ya kinundu haichoki. Lakini hata katika hizo zisizochoka, ziko zinazozaa saratani mara nyingi na ziko zinazozaa mara chache. Kutochoka hakutoshi, sharti mabadiliko mengine yafuate ndani ya seli.

Panya si mtu, hilo tunalikubali. Vinundu vingi vya enzi ile vilitokana na virusi ambavyo panya hunyonya katika maziwa ya mama yake. Ila suala la hatua linabaki.

Basi mama akipewa majibu, aombe neno halisi kwa maandishi: seli zimeongezeka tu, zimebadilika umbo, ni saratani iliyo bado ndani ya mrija, au imekwisha kuvunja ukuta wake? Kila moja ina tiba yake. Na kipande cha titi lake kilichokatwa kwa kipimo, kabla hakijapakiwa boti kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kiwe kimezama katika fomalini (dawa ya kuhifadhia tishu) ya asilimia 10, ujazo usiopungua mara 10 ya kipande. Kikikaa kikavu au katika maji ya chumvi, seli huoza, umbo likapotea, na hakuna tena awezaye kusema ni hatua ipi.

Wataalamu wa maabara,
Langoni, Lamu