Kizunguzungu cha wazee si presha tu

Ndugu Mhariri,

Huku Mtwara mzee akilalamika kizunguzungu, jibu huwa tayari: presha, au malaria. Anapimwa amekaa kwenye benchi, anapewa dawa, anarudi zake Mikindani. Lakini wapo wanaoyumbishwa na dawa hizohizo za presha. Mzee wa namna hiyo apimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, presha inamshuka anaposimama, na kipimo hicho hakihitaji safari ya Dar es Salaam. Dawa asiache mwenyewe. Daktari ndiye azipange upya.

Zipo sababu adimu zaidi. Mwingine huona giza akigeuza shingo au akibanwa na kola ya shati, kwa kuwa mshipa wa shingoni hupunguza mapigo ya moyo kupita kiasi. Mwingine alichomwa sindano za jentamisini, dawa ya kuua bakteria, zikamharibia sikio la ndani. Huyu huyumba zaidi gizani. Upungufu wa vitamini B12 nao hufanya miguu isiihisi ardhi vizuri.

Matabibu wetu waulize: kinaanza ukifanya nini, unatumia dawa zipi (na mitishamba, ambayo wazee huificha)? Ila kizunguzungu cha ghafla chenye ulimi mzito, kuona vitu viwili au kushindwa kutembea huenda ni kiharusi. Huyo apelekwe hospitali ya Ligula saa hiyohiyo.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara