Kwako mdogo wangu uliyerudi Lamu na begi lote

Assalamu alaikum, mdogo wangu.

Mama mdogo alinipigia juzi. Umerudi Langoni na begi lote, wasema chuo cha ubaharia kimekushinda, na kutwa uko barazani. Yeye anaona haya kukuuliza. Mimi nakuandikia hadharani, maana Matondoni na Shela wako vijana wengine wenye begi kama lako.

Najua kinachouma. Umeanza kuruka gatini kabla hujajua kusoma, kisha anatokea mwalimu wa kukwambia hujui maji. Mimi yalinikuta siku ya chelezo cha kuokolea. Wanakipindua kusudi bwawani, nawe umevaa jaketi linalokukaba shingo. Unapanda upande wenye mtungi wa gesi, unakamata ukanda uliopita tumboni mwake, unajitupa nyuma kwa uzito wako wote. Kinasimama kama ukuta, halafu kinakuangukia. Mara ya kwanza nilipapatika chini yake kama samaki wavuni. Mwalimu akasema neno moja: "Chali." Ulale chali, uso juu, ujivute kwa mikono mpaka uone mwanga. Nilitoka mara ya nne.

Na zile kanuni za kuzuia migongano, za mwaka 1972, unazoona ni kukariri tu? Usiku mmoja nikiwa zamu ya saa mbili hadi saa sita, niliona taa nyekundu upande wetu wa kulia. Nikaipima kwa dira. Baada ya dakika tatu nikaipima tena: pembe ile ile, na taa imekuwa kubwa, yaani tunaelekea kugongana. Hapo hakuna wa kumwuliza. Kanuni ya 15 ikanijia neno kwa neno: ukimwona mwenzako kuliani anakukatiza njia, wewe ndiye wa kumpisha. Nikageuza kulia mapema, kwa pembe kubwa ili naye aone, tukampitia tezini, nyuma yake. Nahodha alikuwa amelala. Watu ishirini na kitu walikuwa wamelala.

Najua pia jibu lako: wenye vyeti mbona wamejaa mtaani? Ni kweli, na hilo linaniumiza kuliko hesabu zote. Darasa halitoshi, lazima bahari. Lakini sikiliza hapa. Kwa mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, mwenye programu iliyoidhinishwa na daftari lake la mafunzo anahitaji miezi 12 melini ili apate cheti cha afisa wa zamu. Asiye na programu hiyo, miezi 36. Ukiliacha lile begi limefungwa, umejiongezea miaka miwili juu ya shida ile ile ya kutafuta meli.

Mimi nilingoja meli mwaka na nusu. Katika kungoja huko nilimlipa wakala elfu themanini, pesa ya ng'ombe wa baba, na simu yake haikupokelewa tena. Usirudie. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari, hivyo utajilipia. Anayetaka zaidi, ondoka mbele yake.

Mshahara? Kima cha chini alichowekewa baharia stadi duniani mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi, na afisa hupata zaidi. Mimi nimeezeka nyumba ya mama na dada yako anasoma. Idi tatu mfululizo sikuwa nyumbani, nayo ihesabu.

Babu aliongoza jahazi kwa kulitazama kundi la nyota la Kilimia. Ile pembetatu ya anga inayokutoa jasho, hesabu ya kujua kwa nyota meli iko wapi, ni kazi ile ile ya Babu, imetiwa kwenye karatasi. Madaftari yangu yako juu ya kabati la mama mdogo, anza na lenye jalada la buluu.

Nauli nimeshamtumia mama mdogo. Vuka hadi Mokowe mapema, basi la Mombasa halingoji mtu.

Kaka yako.