Kompyuta ikija na Kijerumani, usikubali ipigwe Windows

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa kompyuta wa huku kwetu Kusini, pamoja na wale wanaotuuzia mashine za mtumba. Nina steshenari hapa Masasi. Kazi zangu ni za kuchapa, kutoa kopi na kulamineti vyeti, lakini siku hizi wengi wanaingia wamekumbatia kompyuta mpakato na kilio ni kimoja: "Mama, hii mashine haisomeki."

Nyingi zimetumika Ulaya au Uarabuni, zikatua Kariakoo, zikapanda basi hadi kwetu. Ikifunguka kwa Kiarabu, vitu vyote vimehamia kulia, mnunuzi anashtuka palepale na anaikataa. Mbaya ni ile ambayo Windows, yaani mfumo unaoendesha mashine, inaonekana ya Kiingereza safi, kumbe mipangilio ya nchi na ya kibodi imebaki ya kule ilikotoka. Mtu analipa, anakwenda zake Mangaka au Nachingwea, na siku anapoweka programu yake ya kwanza, inamfungukia kwa Kijerumani.

Anachofanya kila mtu ni kuifuta programu na kuiweka tena. Inarudi vilevile. Haiwezi kurudi vingine, kwa sababu programu nyingi wakati wa kuingia hazimuulizi mwenye mashine. Zinauliza mashine, kama mgeni anayeuliza njia kwa mtu wa kwanza kumkuta barabarani. Mashine inajibu kwa mipangilio iliyonayo. Usipobadilisha mipangilio, utaifuta na kuiweka mpaka bando liishe.

Hapo ndipo anapoitwa fundi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Fundi anaangalia kioo, anaona maneno asiyoyajua, anasema, "Hii lazima ipigwe Windows upya," yaani ifutwe yote na kuwekwa mpya. Hela inatoka, na kila kilichokuwa ndani kinatoka nayo. Kuna karani wa chama cha msingi aliyepoteza hivyo orodha nzima ya wakulima aliokwisha kuwaingiza, majina na namba za simu, na fleshi yenye nakala hana. Fundi hakumuuliza hata kama kuna kitu cha kuhifadhi. Tatizo lenyewe lilikuwa la kubofya mahali pawili.

Watu wanadhani lugha ni jambo la sura tu, kwamba ukizoea vitufe unaendelea na kazi. Nendeni mkaangalie Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu. Wajerumani wanatenganisha desimali kwa mkato, na nukta wanaitumia kwenye tarehe. Sasa wewe kwenye mashine yenye mipangilio yao andika kilo 12.5 za korosho. Excel inasoma tarehe 12 Mei! Na kwa kuwa tarehe ndani ya Excel ni namba ya siku zilizohesabiwa tangu mwaka 1900, kiboksi hicho kimoja kinaongeza zaidi ya elfu arobaini na tano kwenye jumla yako. Andika 78.5: hakuna mwezi wa tano wenye siku ya 78, kwa hiyo inabaki kama maneno, na kwenye jumla haihesabiwi kabisa. Mkulima mmoja anapewa kilo za maghala mawili, mwenzake anapewa sifuri. Nimeona watu wakianza kutiliana shaka ya wizi juu ya karatasi ya namna hii. Na ukisharekebisha mipangilio, viboksi vilivyokwisha kugeuka tarehe havijirudi vyenyewe. Inabidi uviandike upya kutoka kwenye daftari.

Kibodi nayo ina mambo yake. Kwa Wajerumani Y na Z zimebadilishana mahali. Barua inaanza "Ndugu Mwenzekiti", wilaya inakuwa Nanzumbu, na mwandishi anaapa kwamba amebonyeza sawa. Amebonyeza sawa kweli. Hiyo dawa yake ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, halafu uangalie zile herufi ndogo pembeni ya saa chini kulia zinavyobadilika. Ikiwa hakuna lugha nyingine ya kubadilishia, basi utaiongeza kwenye mipangilio.

Mipangilio unafikaje, wakati huwezi kusoma? Kwa vitufe, maana vitufe havibadiliki. Windows na herufi I vinafungua mipangilio hata kama mashine ni ya Kichina. Tafuta alama yenye saa. Humo ndimo lugha na nchi zinamokaa. Kwenye muundo wa tarehe na namba mimi huwawekea watu Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu cha Marekani kinatanguliza mwezi na ni balaa jipya. Kubadilisha lugha ya Windows yenyewe kunahitaji intaneti, kwa hiyo uwe na bando, kisha utoke na kuingia tena kwenye akaunti yako. Ukikwama kabisa, chukua simu, fungua kamera ya Google Translate, ielekeze kwenye kioo. Inakusomea.

Zipo mashine zilizowekewa toleo liitwalo Windows Home Single Language, la lugha moja tu, na hilo halikubali kubadilishwa kirahisi. Hapo fundi ana hoja. Hata hivyo, mipangilio ya namba na kibodi inabadilika, na programu moja moja unaweza kuzigeuza zenyewe. VLC, ile ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na P, lugha iko mwanzoni kabisa. LibreOffice, ile ya kuandikia barua na majedwali, bonyeza Alt na F12, tafuta mstari unaoanza na "Sprach", chagua Kiingereza kwenye kiboksi cha kwanza, funga, fungua tena. Kiingereza kinakuwepo siku zote hata kama hukukiomba. Na anayetaka Kiswahili asiridhike na njia ya haraka wakati wa kuiweka. Achague ile ya kujipangia, orodha ya lugha ipo. Watu wanashangaa nikiwaonyesha, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili, ya ukoo mmoja na LibreOffice, tangu 2004.

Kwa hiyo ninyi wauzaji: kabla ya kupokea hela, fungueni mashine mbele ya mteja, aandike "Mwenyekiti" na aandike 12.5 kwenye Excel. Haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Ikishindwa, rekebisheni hapohapo, au andikeni kwenye risiti kwamba mashine ni ya lugha moja na mpunguze bei. Na ninyi mafundi: kupiga Windows kusiwe jibu la kwanza, na anayeipiga bila kumuuliza mteja kuhusu faili zake arudishe hela.

Mhariri, kama barua hii itapata nafasi, naomba itoke kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikifunguliwa, makarani wote watakuwa kwenye mizani, na karatasi za kilo zitakuwa zimeanza kuchapwa.

Mwenye steshenari,
Masasi, Mtwara