Mita imefungwa wapi?

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mama yako. Unataka kuacha umeme wa kawaida uhamie kwenye muungano wa viini vya atomu, moto ule wa jua, kwa kuwa umesikia Wamarekani wameshauweza. Sikukatazi. Ila baba yako ni fundi umeme, na swali langu ni lile ninaloliuliza wapangaji wanapogombania LUKU: mita imefungwa wapi?

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore, California, miali 192 ya leza ilipeleka megajuli 2.05 za nishati kwenye shabaha yenye kidonge kidogo cha mafuta, zikatoka 3.15. Ni kweli tupu, na siku hiyo nilishindwa kukaa kwa furaha. Lakini mita yao ilikuwa pale penye kidonge. Irudishe nyuma hadi kwenye waya wa gridi, utakuta leza zilikula megajuli kama 300. Na uniti moja ya LUKU ni megajuli 3.6, kwa hiyo moto wote ule haukutimiza uniti.

Usivunjike moyo. Mwaka 2023, mtambo wa JET kule Culham, Uingereza, ulitoa megajuli 69 kwa sekunde kama tano. Hapo pia waliingiza zaidi ya walichopata, lakini mafuta yaliyoungua yalikuwa miligramu 0.2. Uniti 19, Neema, kutoka kwenye chembe ambayo kidole hakiwezi kuihisi! Hilo ndilo linalonifanya nikuunge mkono.

Wewe umeniandikia habari za joto tu, nyuzi milioni 150. Joto wamekwisha kulifikia. Mimi nahofia ukuta. Katika mitambo kama JET, sumaku huuzuia ule moto usiguse chuma, lakini nyutroni, chembe inayoruka kutoka kwenye moto huo, haina chaji ya umeme, sumaku haiishiki. Inapita moja kwa moja, inagonga ukuta, inasukuma atomu za chuma kutoka mahali pake mpaka chuma kinakuwa chepesi kuvunjika. Na nyutroni hizo hizo tunazihitaji, maana tritiamu, hidrojeni nzito ambayo ni sehemu ya mafuta yake, ni adimu, nusu yake hupotea kila miaka 12 na ushei, hivyo mtambo lazima ujitengenezee mwenyewe kwa nyutroni kugonga lithiamu ndani ya kuta hizo hizo. Hakuna kituo ambacho kimekwisha kufanya hivyo kwa kiwango cha kujitosheleza.

Mtambo mkubwa wa ITER, kusini mwa Ufaransa, ulioanza kujengwa 2010, sasa unatarajia kuwasha mafuta kamili, yaani tritiamu pamoja na deuteriamu, hidrojeni nzito nyingine, mwaka 2039. Utakuwa mtu mzima wakati huo. Basi soma metali, mwanangu. Wanaotaka kuwasha moto ni wengi. Wa kujenga jiko linalodumu ndio wanaotafutwa.

Kabla hujabadilisha kozi, nenda kwa mwalimu wenu wa metali, muulize chuma kilichopigwa na nyutroni kinapimwaje. Niandikie atakachokujibu, nataka kujua na mimi.

Mama yako anakusalimu. Nauli ya likizo nitatuma Ijumaa.

Baba yako